Taya Lililooshwa kwa Sabuni

Tangu nirudi, kila anayeingia chumba cha walimu ananiuliza swali lile lile, nami nimelijibu nusu nusu mpaka hadithi imeanza kuzaa watoto. Wiki iliyopita nilisikia kwamba nilikwenda Oldupai kumuuza babu yangu. Nimeona afadhali niandike mara moja, kila mmoja asome kwa wakati wake, halafu mniache nisahihishe madaftari. Mambo ya barua na vibali nayaruka. Yalichukua miezi miwili na hayana utamu wowote.

Masama hadi Boma ya Ng'ombe

Aliyewahi kufika kwetu anajua kwamba mama ana ng'ombe mmoja, na kwamba ng'ombe huyo hatoki nje. Anakula majani yaliyobebwa kichwani kutoka chini, anakula migomba iliyokatwakatwa, na anawekewa bonge la udongo wa magadi alambe. Bonge la mwaka huu lilinunuliwa sokoni Boma ya Ng'ombe, la kijivu, kubwa kama kabichi. Ng'ombe alililamba karibu mwezi mzima. Asubuhi moja mama aliingia kukamua akakuta udongo unamcheka: safu ya meno madogo, manne au matano.

Akaniita. Mimi hufundisha historia darasa la saba, na kila mwaka naandika ubaoni "Chanzo cha Binadamu" na kuchora fuvu la Oldupai, ambalo wanafunzi husema limefanana na mwalimu mkuu. Kwa hiyo nilipokishika kile kipande nikakiona kizito na baridi, nilijua mara moja kwamba ni mfupa uliogeuka jiwe. Ulikuwa upande mmoja wa taya la chini, mfupi kuliko kidole changu cha kati. Sitawaficha: jambo la kwanza lililonijia ni kadi yenye jina langu, ndani ya kabati la kioo, katika nyumba ya makumbusho.

Mama aliona kingine. Kabla sijazaliwa, yeye na baba walikuwa wakishuka tambarare kila msimu kulima mahindi, kama watu wengi wa mlimani ambao kihamba chao, yaani shamba la migomba la ukoo, ni kidogo. Mwaka mmoja mtoto wao wa kwanza alishikwa na homa huko huko chini, akafa siku ya pili, wakamzika pembeni mwa shamba kwa kuwa hawakuwa na namna ya kumpandisha nyumbani. Baadaye shamba lile lilimezwa na shamba kubwa, trekta likapita, na mama aliporudi kutafuta mahali pale hakukuta hata mti wa kumwelekeza. Mtoto huyo aliitwa Elia. Mama hamtaji mara nyingi.

Nilimweleza kwamba taya hili ni la zamani mno, pengine kabla mlima wenyewe haujasimama. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi anavyomsikiliza mwinjilisti mgeni, kisha akasema anajua si Elia, yeye si mjinga. Lakini ni mtoto wa mtu, na amefika mlangoni kwake. Alitaka azikwe kihambani, chini ya migomba, walipo baba na babu. Mimi nikaomba kwanza nimpeleke kwa wataalamu wa Oldupai. Tulibishana siku tatu, na siku ya nne akakubali kwa sharti moja.

"Ukienda naye, urudi naye," aliniambia. "Usimwache kwa watu."

Nikaahidi. Niliahidi huku nikijua kwamba vitu kama hivyo ni mali ya taifa, na wataalamu wakikipenda kitu hakirudi. Na kusema kweli, nilikuwa naomba wakipende.

Asubuhi ya safari nilimkuta anamalizia kumtayarisha. Mnajua mwaka huu sabuni ilivyoadimika. Duka la kijiji lilikaa miezi halina, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Mama alikuwa na kipande kimoja cha sabuni ya mche, ukubwa wa kibiriti, alichokificha kwa ajili ya Pasaka. Alikimaliza chote juu ya lile taya. Alilisugua kila pembe, akachokoa kwa kijiti udongo wote uliokaa katikati ya meno, akalisuuza mara tatu, akalipaka samli, akalifunga katika kipande cha kanga na kulilaza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwetu mtu hatolewi nyumbani kwenda kwa wageni bila kuogeshwa na kupakwa mafuta, awe bibi harusi au mtoto wa kubatizwa. Lilikuwa linang'aa. Nilimsifu, na nilimaanisha.

Pale Boma ya Ng'ombe nilimtafuta muuza magadi, maana nilijua swali la kwanza la wataalamu litakuwa bonge lilitoka wapi. Alikuwa mama wa Kipare asiyependa kupoteza maneno. Alisema ananunua kwa watu wanaokuja na punda. Nikamuuliza wao wanachimba wapi. Akanyoosha mkono kuelekea magharibi, bila kugeuza kichwa. Nikatoa daftari nikaandika: "Magharibi." Akataka kujua kama bonge lilikuwa na kasoro. Nilipomwambia lilikuwa na meno, alijibu kwamba bidhaa yake ikishauzwa hairudishwi.

Boma ya Ng'ombe hadi Arusha

Basi la asubuhi halikuja. La mchana lilikuja likasimama, likaishiwa dizeli pale pale mbele yetu, na dereva akashuka kuungana nasi kungoja basi. Saa tisa nikapata nafasi juu ya lori la mbao. Jirani yangu juu ya mbao alikuwa bwana mmoja mfanyakazi wa mashamba ya miwa, mzaliwa wa Kasulu, akienda Arusha kumwona mkwewe. Alikuwa amekalia furushi lake na hakuliachia hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekumbatia kopo langu. Siku hizi kila mtu anayekumbatia kitu anaonekana mlanguzi, basi tukazungumza habari za mvua, kwa heshima zote, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ana magendo.

Kabla ya Usa River tulisimamishwa na mgambo. Mmoja wao alipanda, akapita katikati yetu, akasimama mbele yangu na kuvuta pumzi kama mbwa.

Akasema anasikia harufu ya sabuni. Na kweli, kopo lilikuwa linanukia. Akaniuliza sabuni iko wapi, nikasema imekwisha. Imekwishia wapi? Nikafungua kopo, nikakunjua kanga. Aliyatazama yale meno, akanitazama mimi, akauliza ni nani. Hapo nilifanya kosa la kujibu upesi: nikasema ni mtoto.

Tuliteremshwa wote. Nilieleza habari ya Oldupai tangu mwanzo, kwa sauti ile ninayotumia darasani, na nikaona wanaanza kusinzia kama darasani. Yule mgambo hakujali mambo ya binadamu wa kale. Lililomkera ni jingine: mtu gani, mwaka huu, angemaliza sabuni kwa kuosha jiwe, wakati watoto wake yeye wanaogeshwa kwa majani?  Aliyeniokoa ni yule bwana wa miwa. Aliwaambia kwamba mwalimu anasema kweli, kwa sababu mwizi angetunga uongo wenye akili zaidi.

Hata hivyo walipekua lori zima wakitafuta sabuni, ubao mmoja mmoja, na kwenye furushi la rafiki yangu wakakuta sukari. Alikuwa na hati ya kiwandani kwamba ni mgao wake halali, lakini ilisomwa na watu watatu kwa zamu, mmoja wao akiwa ameishika juu chini. Tuliondoka jua likielekea kuzama. Nilimwomba radhi kwa usumbufu. Akacheka, akasema yeye alikuwa akitetemeka tangu Boma kwa ajili ya kilo tatu za sukari, kumbe jirani yake amebeba kichwa. Nilimwambia si kichwa, ni taya tu. Tengeru tukagawana mkate wake, na hapo akaniomba alishike kopo kidogo. Alilishika kwa mikono miwili mpaka Arusha.

Arusha hadi Karatu

Hapa pana siku tatu ambazo zingetosha kuwa saa tano. Lori nililopata liliharibika springi Makuyuni, na springi nyingine ikaagizwa Arusha kwa mdomo wa dereva aliyekuwa akipita. Tulingoja siku mbili. Makuyuni wakati wa kiangazi ni upepo, vumbi na nyama. Nyama ilikuwepo nzuri, chai ilikuwepo bila sukari, na nilimfikiria sana rafiki yangu wa Kasulu.

Kila asubuhi nilifungua kopo kuangalia. Sijui niliogopa nini, maana kitu kilichodumu muda wote ule hakiwezi kuoza Makuyuni. Lakini nilianza kulizoea lile taya. Siku ya kwanza nilikuwa nahesabu meno. Siku ya pili nilijikuta nalifunika kanga vizuri lisipigwe na upepo, nikajicheka.

Mto wa Mbu nilikula kwa mama mmoja mwenye kibanda, akanipa ndizi zilizochemshwa bila nyama, bila maziwa, bila hata maharage. Mchaga hatukani chakula cha mtu, ila nilikula nikiwaza kiburu cha nyumbani, ndizi zilizopondwa na maharage. Akaniuliza kabila, nikamwambia. Akataka kujua ninakwenda kuuza nini Karatu. Nikamwambia siuzi kitu. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea ndizi, akasema Mchaga asiyeuza kitu lazima ni mgonjwa.

Karatu hadi Oldupai

Kutoka Karatu nilichukuliwa na gari la maji la kambi ya wachimbaji wa Oldupai. Dereva wake alinipa habari mbaya kabla hata hatujaianza milima: wataalamu wote walikuwa wameondoka hadi msimu mwingine wa kuchimba. Aliyebaki ni msimamizi, Mzee Bura, Mwiraqw wa hapo Karatu, ambaye ameshika brashi tangu ujanani, na ambaye wataalamu wenyewe humwonyesha mfupa kabla hawajabishana. Ndiye aliyeachiwa daftari la kupokea vitu. Dereva alisema akikubali yeye, kimekubaliwa.

Juu ya ukingo wa Ngorongoro palikuwa na ukungu na baridi ile ile ya Masama ya juu, ukuta wa miti yenye ndevu, maji yakichuruzika barabarani. Kwa nusu saa nilijiona niko nyumbani. Kisha barabara ikashuka, ukungu ukabaki nyuma, na mbele kukawa na nchi ya njano isiyo na kivuli. Nilishangaa kwamba watu wa kwanza walichagua kukaa huku wakati kule juu kulikuwa na maji. Dereva alinijibu kwamba pengine walikaa kote, ila huku ndiko walikohifadhiwa. Nimeandika jibu hilo kwenye somo langu, bila kumtaja.

Kambini

Mzee Bura alikuwa mfupi, mkavu, kofia ya sufu kichwani juani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa chai ya maziwa ya mbuzi na hakuniuliza nimeleta nini. Kwanza alinitembeza. Alinionyesha kuta za korongo, tabaka juu ya tabaka, jeusi chini, jekundu juu yake, na katikati michirizi ya majivu ya volkano. Kila mchirizi ni mlipuko mmoja, alisema, na majivu hupimwa umri wake. Ukikuta mfupa juu ya mchirizi huu na chini ya ule, umejua alikufa kati ya lini na lini. Alinionyesha chekeche wanazochekechea udongo wote wanaouchimba, mpaka jino la panya lionekane. Mlima mzima umepita katika chekeche zile.

Halafu akatoa nakala ya plasta ya nyayo za Laetoli, ambako watu, au viumbe waliokuwa njiani kuwa watu, walipita juu ya majivu mabichi ya volkano, na majivu yakaganda. Kisigino kimezama, kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, hakijachepuka kama cha nyani. Niliweka mguu wangu kando yake.  Mimi ambaye nimefundisha habari hizi miaka kumi na moja, nikamwomba kama mtoto anipeleke nikazione zenyewe. Alisema haiwezekani, zimefukiwa tena kwa udongo ili zisiharibike.

Ndipo akaomba kopo. Alikunjua kanga, akanusa. Alilipeleka taya kwenye mwanga, akachukua lenzi, akachungulia kati ya jino na jino. Akaligeuza, akachungulia tena. 

"Nani ameliosha?" aliuliza.

"Mama yangu."

Akatikisa kichwa polepole, akaniketisha. Alianza na lililo rahisi: si mtu. Jino la mtu lina vilima vya mviringo. Haya yana kuta mbili za kukatisha, ni ya nyani, tena wa aina ambayo haipo tena duniani. Alikuwa mtoto. Meno mawili ya mbele ni ya maziwa, na nyuma yake lipo la ukubwani ambalo halikuwahi kutoka. Nilipoinamisha kichwa alisema nisihuzunike kwa hilo, kwani hata nyani wataalamu wanawataka. Nyani wa aina fulani huishi wakati fulani, na mtu wa kale anayepatikana pamoja na nyani huyo huwa jirani yake wa wakati ule.

"Lakini udongo ndio cheti chake cha kuzaliwa," alisema. "Ungebaki hata punje chache katikati ya meno, tungezilinganisha na matabaka. Ungemleta mchafu, angekaa kwenye sanduku pale, na jina lako juu yake. Huyu hatujui wa lini wala wa wapi. Hana kazi kwetu."

Nilimpa daftari langu. Alisoma "Magharibi," akasoma tena, akanirudishia kwa adabu kubwa. Hakucheka. Nadhani alingoja niondoke.

Niwaambie nilivyojisikia, kwa kuwa ndilo mnaloniuliza hasa. Niliona aibu. Kisha nikamkasirikia mama, kwa sabuni yake, kwa kijiti chake, kwa samli yake, hasira ya kitoto kabisa. Niliiona ile kadi kwenye kabati la kioo ikiandikwa jina la mtu mwingine. Kisha nikakumbuka kwamba nilimsimamia akimaliza kusuuza, mimi mwalimu wa historia, na nikamsifu. Na hapo ikanijia aibu ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Mzee Bura alikuwa amekwisha kulifunga taya katika kanga, vizuri kuliko nilivyokuwa nikifunga mimi. Alinipa kopo, akasema nimsalimie mama.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia. Magari yalikuwepo, dizeli ilikuwepo, mgambo hawakuwepo, kana kwamba safari yote ya kwenda ilikuwa ya kunikomoa. Njia nzima nilitunga la kumwambia mama. Nilitunga matatu mazuri. La kwanza lilisema wataalamu walimwona si wa umri wanaoutaka. La pili lilisema masanduku yamejaa. La tatu silikumbuki. Nilishukia Boma ya Ng'ombe nikiwa nimechagua la kwanza, nikapanda kwa miguu nikilirudiarudia.

Nilimkuta zizini anamkatia ng'ombe mgomba. Nikamwamkia. Hakuuliza habari ya safari, wala habari ya njaa, ambayo kwake huja kabla ya salamu. Aliangalia kopo.

"Ni mtu?" aliuliza.

"Si mtu, mama. Ni mtoto wa nyani, wa zamani sana. Ana meno ya maziwa."

"Alikuwa ananyonya bado?"

"Pengine alikuwa anaanza kuachishwa."

Akaweka panga chini, akafuta mikono kwenye kanga. Na mimi, sijui kwa nini, yale matatu niliyotunga yote yakanipotea, nikamwambia ukweli ulivyo. Nilimwambia kwamba wangembakiza. Nilimwambia walichokitaka ni ule udongo wa katikati ya meno, na kwa sababu aliuosha wote hawakuwa na haja naye tena, na jina letu halitaandikwa popote. Nikangoja aumie.

Alichukua kopo, akamtoa, akamkagua pande zote, jinsi anavyokaguliwa mtoto aliyerudi kutoka kwa watu. Alichungulia hata katikati ya meno, kama alivyochungulia Mzee Bura.

"Basi nilimwosha vizuri," alisema, akanipa jembe.